Mzee akisusa chakula, mwangalie mdomoni kwanza: namna ya kutunza meno na kinywa cha mzee nyumbani

Mama alianza kwa kusukuma sahani pembeni. Wiki ya kwanza tukasema labda chakula hakijampendeza, wiki ya pili tukasema ni umri, mtu akifika miaka 78 hamu ya kula inapungua, ya tatu akawa anakunywa vitu vya majimaji tu na kilo zinashuka tunaona. Siku hiyo jioni akapiga miayo mbele yangu, nikaona kitu chekundu juu, nikawasha tochi ya simu nikamwomba avue meno yake ya bandia. Kaakaa lote lilikuwa jekundu kama limechunwa, na upande wa kushoto pale ukingo wa meno unapokaa kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa harage. Meno hayo alikuwa hajayavua usiku kwa miezi, analala nayo anaamka nayo, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kumuuliza. Nikamwambia mama mbona hukusema? Akanijibu, "Nilijua ndo uzee wenyewe mwanangu."

Hilo neno limenikaa mpaka leo. Wazee wengi wanaumia mdomoni kimya kimya kwa sababu wameambiwa maisha yao yote kwamba uzee unakuja na maumivu na meno lazima yadondoke. Sio kweli. Jino haling'oki kwa sababu limetimiza miaka, linang'oka kwa sababu limeoza au fizi na mfupa unaolishika vimeugua, na hivyo viwili vinazuilika hata kwa mtu wa miaka 85. Wajapani walianzisha kampeni yao ya 8020 tangu 1989, lengo ni mtu afike miaka 80 akiwa bado na meno yake mwenyewe 20, kwa sababu ukiwa na meno kama 20 unatafuna karibu kila kitu bila meno ya bandia. Kwa hiyo naandika haya kwa yeyote anayekaa na mzee, na kwa mzee mwenyewe kama anasoma.

Kwanza elewa nini kinabadilika

Kitu kikubwa ni mate. Watu hawayapi mate heshima yake lakini ndo yanayoosha meno mchana kutwa, yanapoza asidi na kurudisha madini kwenye jino. Sasa mzee anaweza kuwa anakunywa dawa ya presha, ya kukojoa, ya usingizi, ya mzio, ya sonona, ya kuzuia mkojo usitoke ovyo, na nyingi katika hizo zinakausha mdomo, akiwa nazo 4 au 5 kwa pamoja mdomo unakuwa mkavu kabisa. Dalili zake utaziona: ulimi unanata kwenye kaakaa, midomo inapasuka pembeni, anaamka usiku kutafuta maji, chakula kikavu hakishuki, meno ya bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri yanaanza kuchubua. Na kuoza kwa meno kunakuwa kwa haraka, jino lililodumu miaka 60 linaisha ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Cha pili ni fizi kurudi nyuma. Fizi ikirudi mzizi wa jino unabaki wazi, na mzizi hauna ile ganda ngumu nyeupe ya juu, ni laini, unaoza hata kwa asidi ndogo tu ambayo juu ya jino isingefanya kitu. Ndo maana kwa wazee utakuta jino juu linaonekana zima kabisa ila pale shingoni karibu na fizi kuna mstari wa kahawia, na siku moja linakatika kama kijiti anapokula.

Cha tatu mikono. Vidole vina baridi yabisi, vinatetemeka, bega halinyanyuki vizuri, macho hayaoni kwenye kioo. Mzee anaswaki kila siku ila mswaki haufiki panapotakiwa, na haya hatakwambia kwa sababu ni aibu mtu mzima kusema nimeshindwa kuswaki.

Tochi, kila wiki mara moja

Hii ndo hatua naiona ya maana kuliko zote na haihitaji utaalamu. Mkalishe karibu na dirisha au uwashe tochi ya simu, nawa mikono, vaa glovu kama unazo. Meno ya bandia yote yavuliwe kwanza, usikubali kuangalia juu kwa juu akiwa ameyavaa. Angalia midomo na pembe zake, vuta shavu la kulia kwa kidole taratibu uone ndani, la kushoto vile vile, kaakaa, alafu mwambie atoe ulimi, ushike ncha yake na kipande cha kitambaa uugeuze uone pembeni kulia na kushoto, mwisho anyanyue ulimi juu uone chini yake. Pembeni na chini ya ulimi ndo watu wanaparuka, na ndo sehemu ambazo saratani ya kinywa inapenda kuanzia.

Unachotafuta: kidonda, baka jeupe au jekundu, uvimbe, sehemu ngumu, jino linalocheza, fizi inayotoka damu au usaha, utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu (hiyo huwa ni fangasi). Kidonda au baka lolote lisilopona ndani ya wiki 2, hata kama haliumi kabisa, peleka kwa daktari, usilipake dawa za nyumbani ukasubiri. Tena hasa lile lisilouma. Na kama mzee amevuta au kutafuna tumbaku miaka mingi, au alikuwa mnywaji, kuwa makini mara mbili.

Mzee anayeweza kuswaki mwenyewe

Mwache aswaki mwenyewe, heshima yake ni muhimu, wewe msaidie tu vifaa. Mswaki uwe laini wenye kichwa kidogo, ule mgumu watu wanaupenda wakidhani unasafisha zaidi kumbe unakwangua mzizi na kuirudisha fizi nyuma zaidi. Kama mkono haushiki vizuri nenepesha mpini, unaweza kuzungushia kitambaa na kukifunga kwa mpira, au utoboe mpira mdogo wa kuchezea uupitishe mpini katikati, anakamata kiganja kizima badala ya vidole. Mswaki wa umeme nao unafaa sana kwa mikono inayotetemeka sababu mpini wake ni mnene na unazunguka wenyewe, yeye kazi yake ni kuupeleka jino kwa jino.

Dawa ya meno iwe na floraidi, soma kwenye tyubu, namba iwe kati ya 1350 na 1500 ppm (kipimo cha wingi wa floraidi). Mzee mwenye mdomo mkavu au mizizi iliyo wazi daktari wa meno anaweza kumwandikia ile kali ya 5000, hiyo si ya kununua kiholela na wala watoto wasiiguse. Achana na mkaa, majivu, chumvi ya kusugulia na zile za kung'arisha, kwa mzizi ulio wazi ni msasa huo.

Aswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, na ile ya usiku kabla ya kulala ndo isikosekane hata kidogo, maana usiku mate yanapungua zaidi. Mswaki uulaze kidogo uelekee kwenye mpaka wa fizi na jino, mizunguko midogo midogo, sio kusugua kama unafua kola. Fizi ikitoka damu kidogo usiache kuswaki pale, watu wengi wanaacha wakiogopa na ndo uchafu unazidi kujaa, endelea taratibu na ikiwa baada ya siku kama 10 bado inatoka, muone daktari.

Akimaliza ateme tu, asisukutue na maji. Najua wengi tumezoea kusukutua na maji vikombe viwili, ila ukisukutua unaimwaga ile floraidi yote uliyotoka kuipaka. Mwambie ateme, afute midomo, basi.

Katikati ya meno napo kunahitaji kusafishwa, mswaki haufiki. Uzi wa meno kwa mikono ya uzeeni ni mateso, kuna vile viburashi vidogo kama vya kusafishia chupa vinaingia katikati ya meno, na kwa kuwa fizi za wazee zimerudi nyuma nafasi ipo, vinaingia vizuri tu. Mara moja kwa siku inatosha. Njiti za kuchokonolea zinachoma fizi, na nimeona ncha imevunjikia ndani ikaleta jipu.

Meno ya bandia

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipokosea sisi.

Yavuliwe usiku. Fizi inahitaji kupumua na kuoshwa na mate, ukiifunika saa 24 fangasi anapata nyumba, chini ya plastiki kuna joto na unyevu, ndo lile kaakaa jekundu la mama. Na si fangasi peke yake: watafiti Japani mwaka 2015 walitoa matokeo ya kufuatilia wazee 524 wa miaka 85 na kuendelea, wale waliokuwa wanalala na meno ya bandia walikuwa katika hatari ya kupata nimonia mara 2 hivi ukilinganisha na wanaoyavua. Kama anaona aibu kuonekana bila meno, na hiyo aibu ni ya kweli tuiheshimu, basi avue taa ikishazimwa na avae kabla watu hawajaamka, au angalau ayavue masaa kadhaa mchana akiwa peke yake.

Kuyasafisha, fanya hivi. Weka maji kwenye beseni au tandika taulo kwenye sinki kabla hujayashika, sababu yanateleza na yakidondoka kwenye sakafu yanapasuka vipande. Yasuuze baada ya kila mlo. Usiku yasugue kwa mswaki wake maalumu, tofauti na ule wa mdomoni, kwa sabuni ya maji ya vyombo au ya mikono na maji ya kawaida, pande zote hasa ile inayokaa kwenye fizi na zile ndoano za chuma. Usitumie dawa ya meno, ina chembe zinazokwaruza plastiki na kwenye mikwaruzo ndo vijidudu wanajificha. Usitumie maji ya moto, yanapinda na hayatakaa tena. Dawa ya madoa ya nguo inakula chuma na kufifisha rangi, iache. Vile vidonge vya kulowekea vipo na vinasaidia ila ni nyongeza tu baada ya kusugua, yasuuze vizuri sana kabla ya kuyarudisha, na kidonge hakiwekwi mdomoni kamwe, kama mzee ana tatizo la kusahau kifiche mbali sababu anaweza kukimeza akidhani ni dawa yake.

Yalale ndani ya maji safi kwenye kikopo chenye mfuniko, yakikauka yanabadilika umbo. Maji yabadilishwe kila siku. Na wakati yapo kwenye kikopo usiache mdomo hivi hivi, chukua mswaki laini au kitambaa chenye maji upitishe kwenye fizi, kaakaa na ulimi. Hata mzee kibogoyo kabisa asiye na jino hata moja anasafishwa mdomo kila siku, watu wanadhani meno yakiisha kazi imeisha, hapana.

Alafu kuna suala la kupwaya. Jino likishang'olewa mfupa wa taya pale unaanza kusinyaa na haurudi, unaendelea kidogo kidogo miaka yote, kwa hiyo meno yaliyotengenezwa miaka 12 iliyopita yalitengenezewa taya ambalo halipo tena. Yakipwaya yanacheza, yakicheza yanachubua. Yanatakiwa kuangaliwa kila mwaka, fundi au daktari anaweza kuyajaza upya upande wa ndani yakakaa, na baada ya miaka kama 5 mpaka 10 mara nyingi yanahitaji kutengenezwa mapya. Gundi ya kubandikia si mbaya kwa kiasi kidogo ila mtu akiona anatumia nyingi kila siku ujue meno hayamtoshi, na baadhi ya gundi zina zinki ambayo ikiingia mwilini kwa wingi muda mrefu inaharibu neva, miguu inakufa ganzi. Na tafadhali usichonge meno ya bandia mwenyewe kwa tupa au kisu pale yanapochubua, hata kama mzee anakubembeleza. Yavue, apumzishe fizi, mpeleke.

Mdomo mkavu

Usimwachishe dawa. Hili nalisema kwa msisitizo, nimeshasikia mtu kaacha dawa ya presha kwa sababu mdomo unakauka. Orodhesha dawa zote mpeleke kwa daktari aliyemwandikia, umuulize kama kuna ya kubadilisha, kupunguza au kuhamishia asubuhi, mara nyingi kuna linalowezekana.

Nyumbani: chupa ndogo ya maji iwe karibu naye muda wote, awe anapiga funda dogo dogo badala ya kunywa glasi nzima mara moja (kama ana ugonjwa wa moyo au figo na amewekewa kiwango cha maji, funda hizo zihesabiwe humo humo). Chingamu isiyo na sukari inaamsha mate kama meno na taya vinaruhusu, zenye zailitoli (kitu kitamu kisichoozesha meno) ni nzuri. Midomo ipakwe mafuta. Kuna jeli na dawa za kupuliza zinazofanya kazi ya mate, muulize mfamasia. Dawa za kusukutua zenye pombe zinakausha zaidi, ziache.

Na kosa linalofanyika sana ni kumpa mzee pipi anyonye ili mdomo ulainike, au kipande cha limau. Pipi inakaa mdomoni nusu saa ikimwaga sukari kwenye mizizi isiyo na ganda na hakuna mate ya kuosha, limau ni asidi moja kwa moja. Vivyo hivyo vinywaji vitamu vya kunywa kidogo kidogo siku nzima. Akitaka kitamu ale pamoja na mlo akamaliza, kuliko kukinyonya kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Ukiwa unamswakisha wewe

Kama mzee amepata kiharusi, ana tatizo la kumbukumbu au ni wa kitandani, kazi ni yako. Mwanzoni utaona vigumu, hata aibu, huyu ndo alikuwa anakuswakisha wewe. Inazoeleka.

Akae wima kadiri inavyowezekana, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, asiinue kichwa nyuma maana maji na povu vitapita njia ya pumzi. Kama hawezi kukaa, mlaze ubavu na taulo chini ya shavu. Wewe simama pembeni yake au nyuma kidogo, kichwa chake kiegemee kwako, mkono mmoja unashika kidevu na kuvuta mdomo, wa pili unaswaki. Ukisimama mbele yake na mswaki umeunyoosha anaona kama unamvamia. Dawa ya meno kidogo tu, ukubwa wa njegere au hata chini ya hapo, na kama anapaliwa tafuta isiyotoa povu jingi. Anayeshindwa kutema, mfute kwa kitambaa safi kila baada ya meno machache. Usiweke kidole chako katikati ya meno yake ya juu na chini, taya linaweza kufunga bila yeye kukusudia. Vile vijiti vyenye sponji kichwani havitoi uchafu kwenye jino, na sponji inaweza kung'oka akaimeza au ikamkaba, mswaki laini wa mtoto unafanya kazi vizuri kuliko hiyo.

Aliyepooza upande mmoja, angalia ndani ya shavu la upande uliopooza kila baada ya kula. Chakula kinabaki pale na yeye hakisikii, unaweza kukuta donge la mchana lipo saa 3 usiku.

Kwa mzee anayesahau, usitumie nguvu, ukilazimisha leo kesho anakunja midomo akiona mswaki tu. Chagua saa ambayo huwa ametulia, si lazima iwe saa ya kulala. Sema sentensi fupi, moja kwa wakati. Mpe mswaki mmoja aushike mkononi na wewe uwe na wako, watu wakishika kitu mkononi wanatulia. Au mwanzishie, unaweka mkono wako juu ya mkono wake mnaupeleka mdomoni pamoja, mara nyingi mkono unakumbuka wenyewe na anaendelea. Swaki na wewe mbele yake akuige. Akikataa, acha, rudi baada ya dakika 20 ukiwa na uso mwingine, na akikubali meno ya mbele tu leo, chukua hayo, ya nyuma kesho anza nayo. Mzee ambaye siku zote alikuwa anakubali na ghafla anakataa, au anapiga mkono wako, au anashika shavu, anakula upande mmoja, anavua meno kila saa, huyo hasumbui, anaumwa na hana maneno ya kusema.

Usione hii kazi kama ya usafi tu. Vijidudu vya mdomo mchafu vinashuka kwenye mapafu pale mzee anapopaliwa, hata na mate yake mwenyewe usingizini, na hiyo ni njia moja kubwa ya wazee kupata nimonia. Kuna utafiti wa Japani uliochapishwa 2002, walichukua nyumba 11 za kutunzia wazee wakawafuatilia miaka 2, waliokuwa wanasafishwa mdomo baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao na vifo vya nimonia vilipungua pia. Na kifaa kikubwa kilikuwa ni mswaki.

Siku ya kwenda kwa daktari wa meno

Mpeleke mara moja au mbili kwa mwaka hata kama hakuna kinachouma, na asiye na meno naye aende, kuangaliwa fizi na ulimi. Andika dawa zote au beba maboksi yenyewe kwenye mfuko. Kuna ambazo lazima zitajwe kabla ya kung'oa jino lolote:

- Za kuyeyusha damu. Daktari ndo anaamua, wewe usizisimamishe mwenyewe nyumbani, damu kuganda kwenye ubongo ni hatari kuliko fizi kutoka damu kidogo.
- Za kuimarisha mifupa, vidonge vya kila wiki au sindano ya kila miezi 6, na baadhi ya zinazotolewa kwa wenye saratani. Hizi zinaweza kufanya kidonda cha taya kisipone baada ya kung'oa. Ndo maana ni vizuri meno yakaangaliwa na kumalizwa kabla hajaanza kuzitumia.
- Sema pia kama alishapigwa mionzi kichwani au shingoni, hata miaka 15 iliyopita, au amewekewa vali bandia kwenye moyo.

Sukari nayo itajwe. Kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu fizi, na fizi zilizooza nazo zinafanya sukari igome kushuka, vinasaidiana kwa ubaya, kwa hiyo ukitibu fizi unasaidia na sukari. Baadhi ya dawa za presha, amlodipini na nifedipini, zinaweza kuvimbisha fizi zikafunika meno, ukiona hivyo mwambie daktari wa presha. Anayetumia pampu ya pumu yenye steroidi asukutue na ateme kila akimaliza kuvuta, asipofanya hivyo anapata fangasi.

Omba nafasi ya asubuhi, mzee akiwa na nguvu. Ale na anywe dawa zake kama kawaida kabla ya kwenda, hasa mwenye kisukari, isipokuwa daktari amesema afunge. Avae au abebe meno yake ya bandia, hata yale anayoyachukia. Na mwachie mzee ajibu mwenyewe maswali, wewe ongezea akimaliza.

Jino likiuma kabla ya hapo, usimwekee aspirini juu ya fizi, inachoma nyama pale inapogusa. Anywe dawa ya maumivu anayoruhusiwa na madaktari wake. Ila akivimba uso au shingo, akapata homa, akashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo si ya kusubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo.

Na akilazwa kwa ugonjwa wowote, kabla hamjatoka nyumbani andika jina lake kwenye meno ya bandia, upande wa nje wa nyuma usiogusa ulimi, sugua sehemu ndogo kwa msasa laini, andika kwa penseli, paka juu rangi ya kucha isiyo na rangi mara 2 iache ikauke kabisa. Beba kikopo chenye mfuniko kilichoandikwa jina na mswaki wake. Meno mengi ya bandia hospitalini yanapotea kwa kufungwa kwenye tishu na kutupwa na sahani ya chakula, au yanaondoka na mashuka. Mwambie muuguzi wa zamu kwamba mzee ana meno ya kuvua, yanakaa kwenye kikopo hiki, na kila usiku unapomuaga hakikisha kikopo kipo na maji yamo.